Helikopta ikaguliwe kabla haijawashwa: barua ya wazi kwa wasimamizi wa anga na wa Mlima Kilimanjaro

Kwa:
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA)
Kamishna wa Uhifadhi, Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA)
Mkuu wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro (KINAPA)
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA)
Wamiliki wa kampuni za helikopta za uokoaji

YAH: MAANDALIZI YA HELIKOPTA KABLA YA KURUKA KWENDA KWENYE THELUJI YA KIBO

Waheshimiwa,

Natanguliza salamu na heshima. Mimi ni kiongozi wa wapanda mlima, mkazi wa Moshi. Sisi ndio tunaoita kwa redio mgeni anapoanza kuyumba na kukohoa povu pale kambi ya Barafu. Sisi ndio tunaoshika machela, na wagumu wetu, yaani wapagazi, ndio wanaokimbia chini ya mapanga yanayozunguka wakiwa wamembeba mtu mabegani.

Desemba 24, 2025, helikopta iliyokwenda kuokoa wagonjwa ilianguka upande wa Barafu, watu watano wakafa: wageni wawili waliokuwa wakishushwa, daktari, kiongozi wa wapanda mlima mwenzetu, na rubani. Mlima mzima ulilia. Sisemi theluji ndiyo iliyoiangusha helikopta ile. Wachunguzi wana kazi yao na wanastahili kuachiwa nafasi waimalize. Ninaloandikia ni jambo ambalo halina haja ya kusubiri ripoti yoyote: namna helikopta inavyoandaliwa kabla haijaondoka kwenda kwenye theluji, na nani mwenye neno la mwisho la kusema iondoke au ibaki.

Ombi langu nalisema mapema ili lisipotee kwenye maelezo. Uamuzi wa kuruka ufanyike ardhini, kwa maandishi, kabla injini haijawashwa. Na yeyote atakayesema "leo hapana", awe rubani, fundi au askari wa hifadhi aliyeko kambini, asiadhibiwe wala asiulizwe hela iliyokosekana.

Watu wengi, hata waliozaliwa hapa Moshi, wanaijua theluji ya Kibo, kilele kikuu cha mlima, kwa kuitazama kutoka chini asubuhi mawingu yakifunguka. Ukiwa juu, theluji ni kitu kinachotembea. Mvua ya vuli inayowalowesha watu pale Machame geti ndiyo hiyohiyo inayogeuka theluji ukishapita kambi ya Karanga. Inaweza kuanza saa tano asubuhi baada ya alfajiri isiyo na wingu hata moja, kwa sababu jua linapopasha msitu, unyevu wake unapanda na kutukuta kule juu. Kuna siku saa saba mchana ukiwa Barafu huoni hema la tatu kutoka lako. Rubani aliyeondoka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA), mita 894 tu juu ya usawa wa bahari, kwenye joto la kutoa jasho, anafika kwenye kambi iliyoko mita 4,673 ambako maji tuliyoteka jana yake bado ni barafu ndani ya ndoo. Safari hiyo sisi tunaitembea kwa siku kadhaa, yeye anaimaliza kwa muda mfupi sana, na mwili wake haujapata nafasi ya kuzoea hewa ya huko.

Hewa yenyewe ni nyepesi. Pale Barafu uzito wa hewa ni takriban asilimia 60 ya ule wa Tanga ufukweni. Mapanga ya helikopta yanapata kidogo cha kusukuma, injini inapata kidogo cha kuchomea mafuta, na mgonjwa anayehitaji kubebwa hajapungua hata kilo moja. Halafu Barafu ni mgongo wa mwamba wenye miteremko pande zote. Helikopta ikiwa karibu na ardhi tambarare inasaidiwa na upepo wake yenyewe unaogonga chini. Ikisogea kidogo tu ukingoni msaada ule unaondoka ghafla, na rubani anabaki na nguvu ya injini peke yake. Ndiyo maana hesabu ya uzito, mafuta na nguvu iliyobaki lazima ifanyike kwa kalamu kabla ya kuondoka, kwa mahali halisi anapokwenda na kwa joto halisi la saa ile. Kukadiria kwa mazoea hakutoshi.

Wapo watakaosema mashine za siku hizi zinaweza zaidi ya hapo. Ni kweli. Mei 14, 2005 rubani Mfaransa Didier Delsalle alitua kwenye kilele cha Everest, mita 8,848. Lakini Delsalle alikuwa rubani wa majaribio. Helikopta yake ilipunguzwa kila kitu kisichohitajika, na siku ya kuruka ilichaguliwa kwa uangalifu. Mgonjwa wetu wa Barafu hachagui siku, na hapandi peke yake: yupo daktari, ipo mitungi ya oksijeni, mara nyingine yupo ndugu anayelia kwamba hawezi kumwacha mwenziwe.

Sasa ongezeni theluji kwenye hesabu hiyo.

Helikopta iliyolala nje usiku wa theluji, au iliyozimwa kwa muda kambini ikisubiri wingu lifunguke, inakusanya theluji kwenye mdomo ambao injini huvutia hewa. Injini ikiwa bado ina joto, theluji ile inayeyuka, maji yanatiririka hadi kwenye pembe ambazo jicho haliingii, na baridi ikirudi yanaganda. Kwa nje unaona chuma kisafi. Injini ikiwashwa, au dakika chache baada ya kuruka, kipande kinang'oka na kuvutwa ndani, na moto wa injini unazimika. Kwa helikopta yenye injini moja, hapo hakuna nafasi ya pili. Kinga yake si ya gharama: kifuniko kinachobana vizuri, tochi, na mkono uliovuliwa glavu unaoingia ndani kupapasa, kwa sababu barafu safi haionekani kwa macho. Hata kama helikopta ilizimwa kwa nusu saa tu, mkono ule lazima uingie tena.

Mapanga nayo. Sakitu, yaani umande ulioganda, hata ikiwa nyembamba kama ile inayokaa juu ya hema letu alfajiri inatosha kuharibu namna upepo unavyopita juu ya panga na kupunguza nguvu ya kuinua, pale hasa ambapo nguvu hiyo ni haba. Ikishika upande mmoja zaidi ya mwingine, ndege nzima inatetemeka. Sakitu haikwanguliwi kwa kitu kigumu, kwa kuwa mikwaruzo inaharibu panga lenyewe. Inaondolewa kwa njia iliyoelekezwa na mtengenezaji, au inasubiriwa iyeyuke na panga likauke kabisa. Kusubiri huko ni sehemu ya kazi. Hakuna anayepaswa kuambiwa anachelewesha.

Kuna kibomba kidogo kinachopima mwendo wa ndege, ambacho kikiziba kwa barafu kinamdanganya rubani. Kuna maji yanayojitenga chini ya tangi la mafuta, ambayo yanatakiwa kumwagwa na kuangaliwa kwenye chupa kabla ya safari. Kuna vyuma viwili ambavyo helikopta inakalia: vikiganda kwenye theluji iliyolowa na rubani akavuta kupaa, upande mmoja unaweza kuachia huku mwingine ukiwa bado umeshikwa, na helikopta inapinduka ubavuni kabla haijainuka hata mita moja. Kwa hilo mtu anatakiwa kuzunguka, kupiga teke theluji iliyobana, na kuhakikisha vyuma vyote viwili viko huru.

Haya marubani wanayajua kuliko mimi, na mengi niliyoyaandika nimefundishwa na wao. Ninachohoji ni muda na mazingira wanayopewa kuyafanya. Simu ya dharura inaingia, redio zinapiga kelele, kampuni ya bima ipo kwenye simu na kampuni ya utalii inauliza dakika ngapi zimebaki. Katika hali hiyo ukaguzi wa dakika ishirini unakuwa wa dakika tano bila mtu yeyote kuamua kwamba uwe hivyo. Naiomba TCAA iuwekee muda huo ulinzi wa kanuni. Kila safari ya kwenda juu ya msitu iwe na fomu moja fupi ya tathmini ya hatari, inayoeleza hali ya hewa ya pale anapokwenda, uzito, nguvu iliyobaki, hali ya theluji, mahali pa kugeukia endapo pa kwanza hapafai, na isainiwe na rubani pamoja na mtu mwingine ambaye hapandi ndege hiyo. Fomu ikikosekana, safari ilikuwa kosa hata kama kila mtu alirudi salama.

Nasisitiza fomu kwa sababu ya jambo lililotokea Ohio, Marekani, Januari 29, 2019. Helikopta ya wagonjwa aina ya Bell 407 iliondoka kabla ya mapambazuko kwenda kumchukua mgonjwa hospitalini. Kampuni mbili nyingine zilikuwa zimeshaombwa na zimekataa kwa sababu ya hali ya hewa. Ombi likapelekwa kwa kampuni ya tatu, nayo ikakubali. Ilikuwa saa ya kupokezana zamu: rubani wa usiku ndiye aliyeipokea safari, wa mchana ndiye aliyeruka, na kati yao hakuna aliyejaza tathmini ya hatari. Rubani akaingia kwenye theluji inayoanguka, akapoteza kuona, akajaribu kugeuza arudi, helikopta ikapoteza kimo na kugonga kilima chenye msitu karibu na Zaleski. Rubani na wahudumu wawili wa afya walikufa. Mgonjwa hakuwa hata amechukuliwa. Bodi ya usalama wa usafirishaji ya Marekani, NTSB, ilipomaliza uchunguzi haikuishia kwa rubani. Ilielekeza lawama kwa usimamizi mbovu wa usalama ndani ya kampuni, na kwa mamlaka ya anga ambayo haikuifuatilia kampuni hiyo ipasavyo.

Hapo napaita pa kujifunzia, kwa sababu mambo hayo yote yanaweza kutokea hapa kwetu kesho asubuhi. Kampuni moja ikikataa kuja Barafu kwa sababu ya wingu, nani anazuia ombi lilelile lisipelekwe kwa nyingine bila kuambiwa kwamba mwenzake amekataa? Naomba KINAPA iwe na daftari moja la maombi ya uokoaji wa anga, linalosomwa na kampuni zote kwa wakati mmoja. Kampuni ikikataa kwa hali ya hewa, sababu na saa viandikwe, na anayefuata azisome kabla ya kujibu.

Miaka miwili baadaye, Machi 27, 2021, kule Alaska karibu na barafu ya Knik, helikopta ya Airbus AS350 B3 iliyobeba watu waliokwenda kuteleza kwenye theluji iligonga mlima. Kati ya watu sita alinusurika mmoja. NTSB ilisema rubani aliingia kwenye weupe ambao haukumwachia kitu cha kutazama, na hakuweza kutoka. Ikasema pia kwamba mafunzo ya kampuni na mitihani ya marubani wake haikupima kama wanaweza kujiokoa katika hali hiyo, na kwamba mkaguzi wa serikali aliyapitisha mafunzo hayo bila kuyachunguza vya kutosha. Halafu ikaongeza jambo ambalo mimi kama mtu wa uokoaji siwezi kulisahau: waokoaji walichelewa kuarifiwa, na ucheleweshaji huo uliongeza ukali wa majeraha ya yule aliyebaki hai. Helikopta ya kwetu ikipotea kwenye redio kati ya Barafu na Moshi, saa ngapi inahesabiwa kuwa imechelewa? Nani anapigiwa simu kwanza? Sisi tulio kambini, ambao tungeweza kuwa wa kwanza kufika kwa miguu, tunaambiwa na nani? Mpango huo, kama upo, hatujawahi kuoneshwa.

Weupe huo nimeuona kwa macho yangu, nikiwa chini. Helikopta inashuka, upepo wa mapanga unaitimua theluji laini iliyolala juu ya mawe, na ghafla wingu jeupe linaimeza yenyewe. Mbele nyeupe, chini nyeupe, pembeni nyeupe. Hata bila upepo, mawingu yakifunika jua theluji inapoteza vivuli na mtu hawezi kutofautisha mteremko na tambarare. Mwili wa binadamu ukikosa kitu cha kutazama unajidanganya: masikio ya ndani yanamwambia rubani yuko wima ilhali ameinama. Wataalamu wa usalama wa helikopta nchini Marekani walipopitia ajali za vifo za namna hii walipata wastani wa sekunde 56 tangu rubani apoteze kuona hadi helikopta ianguke. Katika sekunde hizo huwezi kuanza kutafuta mpango. Mpango lazima uwe umekaa kichwani tangu KIA, na uwe umefanyiwa mazoezi kwa vyombo, pamoja na mwalimu. TCAA, naomba mtazame upya vyeti vya marubani wote wanaoruka Kibo: kila mmoja amepimwa lini, na nani, kwa hali ya kupoteza kuona ghafla juu ya theluji?

Upande wa ardhini kazi ni yetu, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu ndipo tunaposahaulika.

Ili rubani atue salama kwenye theluji anahitaji kitu cha rangi nzito mbele yake, kisichoruka, ambacho macho yake yatakishika theluji inapotimka. Anahitaji theluji iliyokanyagwa na kushindiliwa mapema ili isitimke sana na vyuma visizame upande mmoja. Anahitaji kujua upepo unatoka wapi. Na anahitaji eneo ambalo hakuna kitu cha kupeperuka. Nendeni Barafu wakati wa msimu mkuu muone kilichopo. Mahema yamebanana hadi ukingoni. Makoti ya mvua ya plastiki, maturubai ya jikoni, magodoro ya sponji na mifuko mitupu viko kila mahali. Koti moja la plastiki likinyanyuliwa na upepo wa helikopta na kuingia kwenye pangaboi la mkiani, tunazika watu. Watalii nao husogea kupiga picha. Nani amewahi kumpa mgumu mafunzo ya kuwaondoa?

Wagumu ndio wanaobeba machela hadi mlangoni. Ni vijana wenye nguvu na moyo, wengi wao wakiwa na viatu visivyofaa kwa theluji, na hakuna aliyewaambia kwamba mapanga yanaposhuka kasi huinama, kwamba upande wa mlimani nafasi kati ya kichwa na panga ni ndogo kuliko upande wa bondeni, kwamba mkiani hakupitiwi hata kama njia ni fupi, kwamba husogei mpaka rubani akuone na akupe ishara. Kwenye theluji inayotimka mtu hufumba macho na kuinama, na akiteleza hunyanyua mkono. Mkono huo huo una fimbo ya kutembelea.

Kwa hiyo naiomba KINAPA itenge na kulinda eneo la kutua katika kila kambi kubwa ya juu, kuanzia Barafu, Kibo, Horombo na Shira. Hema lisipigwe hapo hata kambi ikijaa. Mawe ya pembeni yapakwe rangi inayoonekana juu ya theluji, nguzo ya kitambaa cha upepo isimikwe, na kuwe na sanduku lenye vitambaa vya rangi ya chungwa na vigingi vyake, koleo, miwani ya kukinga macho na redio inayozungumza moja kwa moja na rubani. Kampuni za helikopta zije mlimani zitufundishe, viongozi na wagumu pamoja, kwa vitendo, angalau mara moja kila mwaka kabla ya msimu wa Juni. Mgumu mwenye cheti hicho alipwe kwa kazi hiyo siku anapoifanya. Huwezi kumtegemea mtu kwa uhai wa wengine halafu ukamwita msaidizi.

Kuhusu hali ya hewa, sitarefusha, kwa kuwa suluhisho liko karibu. Rubani aliyeko chini leo anategemea sana kile ambacho mtu kama mimi atamwambia kwa redio, na mimi nikiwa na mgonjwa anayekata roho mbele yangu, nitaliona wingu kuwa jepesi kuliko lilivyo. Hiyo si kazi ya kumpa mtu mwenye mgonjwa. Chuo Kikuu cha Massachusetts kiliweka kituo cha kupima hali ya hewa juu kabisa ya barafu ya kaskazini ya Kibo mwaka 2000. Shirika la simu la TTCL lilizindua intaneti ya kasi pale Horombo, mita 3,720, Agosti 2022. Kupima kunawezekana, na njia ya kupeleka picha na vipimo ipo. TMA na TANAPA mkae pamoja muweke kamera na vipimo vya upepo, joto na unyevu katika kambi za juu, picha zionekane kwa rubani, kwa kampuni na kwa TCAA kwa wakati mmoja. Rubani akiiona Barafu yenyewe kwenye kioo cha simu kabla ya kuwasha, hatahitaji tena huruma yangu kumpotosha.

Najua swali linalokuja: mgonjwa je? Tumwache afe kwa sababu kuna theluji?

Nalijibu kama mtu aliyeshusha wagonjwa wengi kwa miguu. Dawa ya kwanza ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka. Kutoka Barafu hadi Kambi ya Mweka ni kama mita 1,500 za kushuka, na kutoka kambi ya Kibo hadi Horombo ni kama mita 1,000. Mtu mwenye maji kwenye mapafu, akipewa oksijeni na kuanza kushushwa mara moja kwa machela ya gurudumu, hali yake huanza kubadilika njiani. Tatizo ni kwamba siku hizi helikopta imekuwa mpango wa kwanza na machela imekuwa ya kufikiriwa baadaye. Mgonjwa analazwa kambini saa mbili, tatu, akisubiri wingu lifunguke, wakati angekuwa ameshapita kambi ya Millennium, njiani kwenda Mweka. Kisha ule muda uliopotea unageuka kuwa shinikizo kwa rubani, kwamba sasa ni lazima aje.

Mwaka 1970 upande wa pili wa mpaka, kwenye Mlima Kenya, daktari kijana kutoka Austria, Gert Judmaier, alivunjika mguu vibaya karibu na kilele cha Batian. Uokoaji ulichukua zaidi ya wiki moja kwenye mwamba na barafu. Rubani Jim Hastings alikwenda na helikopta kusaidia, ikaanguka, akafa. Judmaier aliteremshwa kwa kamba na mikono ya watu, na akaishi. Nimewahi kuisimulia habari hii kwa vijana ninaowafundisha kazi, kwa sababu ndani yake yumo mtu aliyekufa akienda kumwokoa mwingine ambaye hatimaye aliokolewa kwa njia nyingine. Siikatai helikopta. Imewarudisha watu kwa watoto wao, nami nimewapungia mkono wakiondoka. Ila rubani atakuwa na uhuru wa kusema hapana pale tu atakapojua kwamba hapana yake haimuui mgonjwa, kwamba machela imeshaanza kushuka wakati yeye bado anakagua injini. Kila ombi la helikopta liende sambamba na machela kuondoka, papo hapo, bila kusubiriana. Wingu likifunguka, helikopta imkute mgonjwa chini zaidi, kwenye hewa nzito zaidi na mara nyingi nje ya theluji. Kambi za juu ziongezewe machela za gurudumu na mitungi ya oksijeni, na hilo lisiachwe kwa kampuni ya utalii yenye uwezo pekee.

Limebaki la fedha, nalo ni lazima lisemwe. Nepal, mwaka 2018, serikali ilichunguza biashara ya uokoaji wa helikopta na kukuta safari zilizofanyika ili bima ilipe, wagonjwa wakiwa hawahitaji kubebwa. Kila safari isiyo ya lazima inaweka rubani kwenye hewa nyepesi na theluji bila sababu. Kwetu, anayeamua kwamba mgonjwa anahitaji helikopta asiwe mtu anayelipwa kwa idadi ya safari, wala kiongozi aliyeahidiwa asante. Uamuzi wa kitabibu ufanywe na mhudumu wa afya wa hifadhi kwa vigezo vilivyoandikwa. Uamuzi wa kuruka ubaki kwa rubani na fomu yake. Mshahara wa rubani usipungue kwa safari aliyoikataa.

Waheshimiwa, naomba majibu yenu yatolewe hadharani, kabla ya msimu wa Juni, na yaeleze kwa kila ofisi: nini kimeshafanyika, nini kitafanyika na kwa tarehe gani, na ofisa gani atakayeulizwa kisipofanyika. Ripoti ya ajali ya Desemba 24 itakapokamilika, itafsiriwe kwa Kiswahili na nakala ibandikwe kwenye mageti yote ya mlima, ili mgumu anayeingia zamu asome kilichowapata waliotangulia. Na mtakapokaa kuandika kanuni mpya, iteni marubani, mafundi, wahudumu wa afya, viongozi na wagumu kwenye meza hiyohiyo. Tutakuja kwa nauli zetu.

Wenu katika kazi,

Kiongozi wa wapanda mlima,
Moshi, Kilimanjaro.

Nakala:
Wizara ya Uchukuzi
Wizara ya Maliasili na Utalii
Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro
Vyama vya viongozi na wapagazi wa Mlima Kilimanjaro